Pumzi ni amana: Mvutaji akiitwa kupimwa, aende au asiende?

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha nilipigiwa simu na ami yangu anayeishi Manchester, Uingereza. Ami ana miaka 63. Alizaliwa Malindi, hapa Mji Mkongwe, akafanya kazi bandarini akiwa kijana, kisha akahamia Ulaya na kulea watoto wake huko. Sigara alianza kuvuta tangu yupo skuli na mpaka siku hiyo alikuwa hajaacha.

Baada ya salamu na kuulizana hali, akanieleza kilichomfanya apige simu usiku ule. Alikuwa ameletewa barua ya kuitwa kupimwa mapafu. Haumwi. Hakohoi kuliko siku zote. Ameitwa kwa sababu ya umri wake na kwa sababu ni mvutaji.

“Mwanangu,” akaniambia, “wewe ndiye uliyesoma dini na ukafika chuo kikuu. Hebu niambie. Mtu analazimika kuyajua maradhi yake kabla hayajamuuma? Na nikiichana barua hii, nina dhambi?”

Nilimwomba anipe wiki moja. Nilizoea kuulizwa kuhusu hukumu ya sigara yenyewe, na jibu la hilo ninalo kichwani. Hili lilikuwa suala jengine. Halikuhusu moshi, lilihusu mtu aliyekwishavuta kwa miaka arubaini na ushei: anadaiwa nini na nafsi yake, na sisi tunaomzunguka tunadaiwa nini naye? Makala hii ni jibu nililompa ami, pamoja na mambo ambayo nilijifunza nikilitafuta.

Kipimo chenyewe ni kipi?

Kabla ya kutoa hukumu ni lazima kukijua kitu kinachohukumiwa. Kipimo hiki hufanywa kwa mashine ya CT-Scan inayotumia mionzi midogo. Mtu hulala kitandani, mashine ikampiga picha za kifua kwa muda mfupi, bila ya kisu. Lengo ni kuiona saratani ya mapafu ikiwa bado ndogo, kabla mtu hajaanza kukohoa damu na kukonda. Saratani hii ndiyo inayoua watu wengi zaidi kuliko saratani nyengine zote. Mwaka 2022 peke yake iliua watu wapatao milioni 1.8 duniani, na sababu yake kubwa ni tumbaku.

Mwaka 2011 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 53,000 wenye umri wa miaka 55 hadi 74. Wote walikuwa wamevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 30, au zaidi ya hapo. Waliopimwa kwa mashine hii mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 20 pungufu kuliko wenzao waliopigwa picha ya kawaida ya kifua. Mwaka 2020 utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji ukaonesha kuwa kwa wanaume upungufu ulifika asilimia 24.

Huko Manchester, mwaka 2016 walianza kuyapeleka magari makubwa yenye mashine hizo kwenye maeneo ya maduka, ili watu wa mitaa ya kimasikini wapimwe karibu na wanakonunua mahitaji yao. Juni 2023 serikali ya Uingereza ikatangaza kuueneza mpango huo nchi nzima kwa waliowahi kuvuta. Barua ya ami yangu ilitokana na mpango huo.

Hata hivyo waliokwenda si wote walioitwa. Watafiti wa huko wamegundua jambo la kusikitisha: anayevuta mpaka sasa, ambaye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, huitikia wito kwa uchache kuliko yule aliyekwishaacha. Kwa nini? Nikaona nisiwaulize Waingereza. Niwaulize watu wetu.

Majibu ya barazani

Nina mazoea ya kupita Jaws Corner baada ya Alasiri kunywa kahawa. Wanaoujua Mji Mkongwe wanajua kuwa pale hakuna suala linaloogopwa: siasa, mpira, bei ya karafuu, yote hujadiliwa. Siku ile nikawauliza wavutaji waliokuwepo: lau kungekuwa na gari la kupima mapafu limeegeshwa pale Darajani, bure, mngekwenda?

Mzee mmoja alijibu kabla sijamaliza. “Maalim, ajali haina kinga. Siku yangu ikifika nitakwenda, mashine haitaizuia.”

Wa pili, makamo yangu, akasema yeye asingekwenda kwa sababu ya hofu. “Sasa hivi nalala usingizi. Nikiambiwa nina saratani sitalala tena, na nitakufa kabla ya siku zangu.”

Wa tatu alicheka. Yeye angekwenda mbio, na akionekana mzima angerudi kunywa kahawa na kuwasha nyengine, maana mapafu yake yameshapewa cheti.

Wa nne ni kijana anayechukua watalii. Alisema maneno niliyoondoka nayo: “Tatizo si mashine, Maalim. Tatizo ni yule atakayekaa mbele ya mashine. Atanitazama kwa jicho lile. Ataniambia, umejitakia mwenyewe.”

Niliposoma baadaye waliyoyasema wavutaji wa Uingereza na Marekani walipoulizwa suala hili hili, nilishangaa. Ni yale yale manne: majaaliwa, hofu, kutafuta ruhusa ya kuendelea, na kuona haya. Kwa hiyo tusidhani kuwa majibu ya Jaws Corner ni ya ujinga wa visiwani. Haya ni maradhi ya nafsi ya mwanadamu popote alipo, na Uislamu umekuja kuitibu nafsi hiyo. Tuyatazame moja baada ya moja.

Qadari na kumfunga ngamia

Mzee wa kwanza alisema kweli kwa nusu. Ajali iko mikononi mwa Allah (SW). Lakini tunafahamu kisa cha Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, akaamua kurejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia qadari ya Allah, jibu lake lilikuwa kwamba anaitoka qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Na tunamfahamu yule bwana aliyemuuliza Mtume (SAW) iwapo amwache ngamia wake bila ya kumfunga na ategemee, akaamrishwa afanye yote mawili: amfunge, na ategemee.

Anayesema kipimo ni kuingilia qadari ajiulize kwa nini anafunga mlango wa nyumba yake usiku. Kipimo ni sehemu ya qadari, kama ilivyo kamba ya ngamia. Tena mzee wangu yule, Allah amhifadhi, humeza vidonge vya presha kila asubuhi. Nilipomkumbusha alinyamaza, kisha akacheka na kuniagizia kikombe chengine.

Haki ya kutojua

Jibu la pili ni zito zaidi, wala silidharau. Je, mtu ana haki ya kutojua?

Mafaqihi wamehitilafiana tangu zamani juu ya hukumu ya kujitibu. Wapo walioona ni sunna, wapo walioona ni jambo la hiari, na wapo waliowasifu wenye subira waliouacha uganga na kumtegemea Mola wao. Katika zama zetu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jeddah lilikaa mwaka 1992 likatoa uamuzi kuwa kujitibu kunakuwa wajibu pale ambapo kuacha kutapelekea kupotea kwa roho au kiungo, au pale ambapo maradhi yatawadhuru wengine. Chini ya hapo hukumu hushuka daraja.

Lakini ami yangu haumwi. Kipimo cha mtu asiyeumwa si tiba, ni kutafuta kama kuna la kutibiwa. Na uaminifu unatulazimisha tuseme kuwa kina kasoro zake. Katika ule utafiti wa Marekani, kila vipimo 100 vilivyoonesha kitu cha kutiliwa shaka, zaidi ya 95 havikuwa saratani. Watu hao walirejeshwa tena na tena, na wengine wakachomwa sindano za kutolewa nyama ya kifua. Kwetu Afrika Mashariki ambako kifua kikuu kimewapitia wengi na kuacha makovu mapafuni, wenye kushtushwa bure wangekuwa wengi zaidi. Kwa hiyo yule ndugu wa pili alipoogopa, hakuogopa kitu kisichokuwepo.

Kwa sababu hiyo sikuthubutu kumwambia ami kuwa ana dhambi akikataa. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, mwili ni amana, na mwenye kuwekewa amana huikagua. Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya umri wetu tuliumaliza katika nini na juu ya mwili wetu tuliuchakaza katika nini. Masuala hayo hayana jibu la “sikutaka kujua.” La pili, haki ya kutojua ingekuwa nyepesi kwa mtu anayeishi peke yake kisiwa kisichokuwa na watu. Ami ana mke, ana watoto, ana madeni ya watu na haki za kuandika katika wasia. Akijua mapema na akapona, wamepona naye. Akijua mapema na asipone, amepata muda wa kutengeneza mambo yake. Akijua mwisho, wao ndio watakaolipa gharama ya usingizi wake mzuri.

Na lau angekuwa na dalili, yaani kikohozi kisichoisha wiki tatu, damu katika makohozi, kukonda bila ya sababu, basi jibu langu lingekuwa kali zaidi. Hapo ndipo mtu anapolikaribia lile daraja la wajibu.

Ulimi wangu

Nalitanguliza jibu la kijana wa watalii kabla ya lile la yule aliyecheka, kwa sababu linanihusu mimi.

Miaka michache iliyopita nilitoa darsa msikitini, baina ya Magharibi na Isha, juu ya sigara. Nilijiandaa vizuri. Nikaeleza kuwa mvutaji ananunua kifo kwa fedha ya maziwa ya watoto wake. Nikaeleza hadithi ya mwenye kula kitunguu thaumu kutakiwa ajitenge na msikiti, nikauliza: vipi basi huyu ambaye mdomo wake ni jalala? Watu wakacheka. Nilifurahi walipocheka.

Safu ya nyuma alikuwepo jirani yetu, fundi seremala, mvutaji anayejulikana mtaa mzima. Baada ya siku ile sikumuona tena msikitini petu. Nikasema moyoni kuwa haki imemchoma.

Ulipokaribia kutimia mwaka, mkewe alikuja kwa mama yangu analia. Mumewe alikuwa anakohoa kwa miezi saba. Alikuwa akinywa tangawizi na asali, akinunua dawa ya kikohozi dukani, akilala sebuleni ili watoto wasimsikie. Alipopelekwa hospitali alipimwa kifua kikuu akaonekana hana. Ikapigwa picha, akasafirishwa kwa boti kwenda Dar es Salaam, na huko ikagundulika kuwa ni saratani ya mapafu na imeshatambaa.

Nilikwenda kumuangalia. Alinipokea kwa heshima, akaniita Maalim kama kawaida. Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali mapema. Akanijibu kwa sauti ndogo: “Niliona haya. Nilidhani daktari ataniambia yale yale uliyoyasema wewe.”

Hakuishi mwezi baada ya hapo. Allah amrehemu na amsamehe, na anisamehe mimi.

Sisemi kuwa mimi ndiye niliyemuua. Sigara ilimuua, na ajali yake ilifika. Lakini ninajua kuwa baina yake na mlango wa daktari palikuwa na maneno yangu, na alishindwa kuyaruka.

Katika Sahihi Bukhari kuna kisa cha mtu aliyekuwa akiletwa mbele ya Mtume (SAW) kwa ulevi, mara moja, mara nyengine, akaadhibiwa. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa kurejea kwake mara kwa mara. Mtume (SAW) akakataza asilaaniwe, na akamshuhudia kuwa anampenda Allah na Mtume Wake. Tuzingatie: pombe uharamu wake hauna hitilafu, na adhabu ilitekelezwa, lakini mlango wa mtu yule kuingia msikitini haukufungwa. Mimi niliufunga wa jirani yangu kwa jambo ambalo wanazuoni wamelijadili kwa miaka mia nne.

Maana huo ndio ukweli wa historia. Tumbaku ilipoingia katika nchi za Kiislamu, wanazuoni waligawika. Sheikh Abdulghani al-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika risala akiihalalisha. Wengine waliiharamisha, na Ibadhi wamejulikana kwa msimamo mkali juu yake. Elimu ya tiba ilipothibitisha madhara yake, hasa baada ya utafiti wa London wa mwaka 1950 kuyaunganisha moshi na saratani ya mapafu, kauli ya uharamu ikapata nguvu, na leo ndiyo kauli ya wengi katika wanazuoni wa zama zetu. Nami ndiyo ninayoifundisha. Hata hivyo tukumbuke Sultani Murad wa Nne wa Istanbul. Mwaka 1633 alipiga marufuku tumbaku na akawaua wavutaji. Amekufa Murad, na tumbaku imebaki Istanbul mpaka leo. Ikiwa upanga haukuwaachisha watu, kejeli ya mimbari itawaachisha?

Wapo watakaosema: huyu kajitakia, kwa nini apewe huruma, na kwa nini fedha za umma zimpime na kumtibu? Nawauliza: aliyevunjika mguu kwa kuendesha bodaboda mbio hatumfungi bendeji? Mwenye kisukari aliyependa halua hatumpi dawa? Wengi wa wavutaji walianza wakiwa watoto, sigara moja moja iliyouzwa dukani kwetu na mtu mzima anayesali, na nikotini ikawafunga kabla akili zao hazijakomaa. Hata lugha yetu inashuhudia. Zamani uraibu ilikuwa ni sahani ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku anayokaribishwa mgeni. Leo neno hilo hilo ndilo tunaloliita gonjwa la kushindwa kuacha. Kilichoingia kama ukarimu kimekaa kama kifungo, na mfungwa hasaidiwi kwa kuchekwa.

Kipimo bila ya msaada

Sasa yule aliyecheka, ambaye angekwenda kupimwa ili apate ruhusa ya kuendelea. Huyu ndiye anayenionesha kuwa kipimo peke yake ni nusu ya kazi, na pengine ni mtego. Picha safi ya leo si dhamana ya mwakani.

Mwaka 2016 watafiti waliwarejea wale watu wa utafiti wa Marekani na kuangalia jambo jengine. Waligundua kuwa mtu aliyekaa miaka saba bila ya kuvuta alipata upungufu wa kufa kwa saratani ya mapafu uliokaribia asilimia 20, kiasi kile kile kilicholetwa na mashine. Na waliokusanya yote mawili, kupimwa na kuacha kwa miaka mingi, walifaidika zaidi kuliko wenye kimoja. Kabla ya hapo, mwaka 2004, utafiti uliowafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50 ulionesha kuwa anayeacha akiwa na miaka 60 huongeza kiasi cha miaka mitatu ya maisha kwa wastani, mwenye 50 miaka sita, mwenye 40 miaka tisa, na mwenye 30 miaka kumi. Umri uko mikononi mwa Allah. Hizi ni sababu alizotuwekea.

Ndiyo maana huko Yorkshire, Kaskazini mwa Uingereza, waliamua kumweka mshauri wa kuacha sigara ndani ya gari lile lile la kupimia. Mtu akitoka kwenye mashine, moyo wake ukiwa laini, anamkuta mtu wa kumwambia: kaa, tuzungumze, ukitaka kuacha nitakuwa nawe. Wengi waliopewa nafasi hiyo waliikubali. Kumbe mtu yule yule anayeikimbia barua huupokea mkono ukinyooshwa kwa upole.

Hili si geni kwetu. Qur’ani Tukufu haikuharamisha pombe kwa siku moja. Ilianza kwa kueleza kuwa madhara yake yanazidi manufaa yake, ikaja kukataza kuisogelea sala mtu akiwa amelewa, kisha ndipo ukaja uharamu kamili katika Suratul Maida, na nyoyo zikiwa zimeshaandaliwa. Mola aliyewaumba anawajua waja Wake. Hukumu ilikuja pamoja na ngazi ya kuifikia. Sisi tunawatolea watu hukumu na kuiondoa ngazi.

Sisi wa Unguja

Msomaji ataniuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Gari la kupimia mapafu halipo Darajani, wala Mwanakwerekwe, wala Makunduchi. Mgonjwa wetu wa saratani anayehitaji mionzi hupelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, akitengana na familia yake.

Ni kweli, na sidai kuwa gari hilo liletwe kesho. Nchi yenye fedha kidogo ina mambo mengi ya kutanguliza. Lakini tuzingatie hesabu ile ya miaka saba. Faida iliyoletwa na mashine ya thamani kubwa, kuacha sigara kunaileta pia, na kuacha hakuhitaji umeme wala vipuri. Kwa hiyo nusu ya mpango wa Manchester tunaweza kuwa nayo Unguja wiki hii. Tumeikosa kwa kuwa hatujaitaka.

Utafiti wa mwaka 2018 ulionesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima wa Tanzania wanatumia tumbaku, kwa kuvuta au kutafuna. Kwa wanaume ni asilimia 14.6. Ni mamilioni ya watu. Tanzania iliridhia mwaka 2007 Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na Kifungu cha 14 cha mkataba huo kinataka watu wasaidiwe kuacha. Dawa za nikotini za kubandika ngozini na za kutafuna kama chingamu ziliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo mwaka 2009. Ahadi ipo. Ni haki yetu kuuliza katika vituo vyetu vya afya zimefika wapi, na ni haki ya mgonjwa kuulizwa na daktari wake kwa upole: unavuta? ungependa kuacha? nikusaidieje?

Na sisi wa misikitini tuna Ramadhani. Kila mwaka mvutaji wa Unguja anakaa mchana kutwa bila ya sigara, siku thelathini. Kisha adhana ya Magharibi inalia, na pale Forodhani utawaona wanaoifungua saumu kwa tende moja na sigara mbili. Yule aliyeweza saa kumi na tatu ameshathibitisha kuwa anaweza. Alichokosa ni mtu wa kumshika mkono katika saa zilizobaki. Kwa nini imamu asiwakusanye watano, watakaokaa pamoja baada ya Tarawehe, wanaojulishana kwa simu pale hamu inapowashika, wakiwa na muuguzi mmoja wa mtaani wa kuwaelekeza? Akianguka mmoja asifukuzwe, aanze tena. Anayeacha kwa kweli mara nyingi ameshajaribu mara kadhaa kabla.

Tena tuache kuchunguzana. Kunusa midomo ya watu kwenye safu si dawa. Na mwenye duka anayemuuzia mtoto sigara moja, huyo ndiye anayestahiki khutba kali. Ukali wetu tumeupeleka kwa aliyefungwa, tukamwacha anayefunga.

Jibu la ami

Wiki ilipotimia nilimpigia ami. Nilimwambia: sikuhukumu ukikataa, lakini nakunasihi uende, na usiende kutafuta cheti. Kabla hujaingia kwenye mashine uliza kama yupo wa kukusaidia kuacha. Asipokuwepo, kipimo chako ni nusu. Na lolote utakaloambiwa, nipigie mimi kwanza. Hutasikia neno la lawama.

Alikwenda. Wameona kidoto kidogo katika pafu la kulia. Wamemwambia yumkini si kitu, na arudi baada ya miezi mitatu kwa picha nyengine. Siku ile ile alimuona mshauri, akapewa dawa za kubandika. Wiki ya pili aliniambia kuwa kavuta moja, usiku, nyuma ya nyumba, akaona haya kunieleza. Nilimwambia ahsante kwa kunieleza, na sasa ahesabu upya. Leo yuko siku ya kumi na tisa.

Miezi mitatu haijatimia. Hatujui picha ya pili itasema nini. Usiku anapokosa usingizi hunipigia simu, na mimi huwa macho kumsikiliza. Jirani yangu yule nilimnyima masikio haya.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awafungulie njia waliofungwa, na azilainishe ndimi zetu sisi tunaojiita walimu. Amin.